Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Kumjua Mgeni Kabla ya Kumkabidhi Ufunguo

Hotuba kwa wenye nyumba za malazi ya muda na keateka wao, Nyali, Mombasa

Wazee wetu, akina mama, mabwana na mabibi, na nyinyi keateka, watunza nyumba wetu, mliojipanga viti vya nyuma karibu na mlango: assalamu alaykum, na hamjambo nyote. Kabla sijaanza nawaomba walio nyuma wasogee mbele. Maneno ya leo ni yenu kuliko ya wenye nyumba.

Wenye nyumba mtanisamehe, lakini tusidanganyane. Kuanzia Kizingo na Nyali, upite Bamburi na Shanzu hadi Mtwapa, nyumba nyingi za malazi ya muda mwenyewe hayupo. Yuko Nairobi, yuko Jeddah, yuko Uingereza. Nafasi huwekwa kwa simu, pesa huingia kwa simu, na mgeni akiteremka kwenye tuktuk saa tano za usiku, anayemlaki ni kijana mmoja mwenye tochi na rundo la funguo. Ule uhakiki wote tunaojivunia unaishia mkononi mwa kijana huyo. Akimtazama mgeni usoni na kulinganisha, nyumba ina ulinzi. Akipenyeza ufunguo dirishani na kurudi kulala, ulinzi haupo, hata kama mtandao umeshaweka alama ya kuthibitishwa mbele ya jina la mgeni.

Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Msemo huu tumeuzoea kwa upande wa baraka: mgeni akija, hata kitoweo kinapatikana. Leo naomba tuusome kama ulivyoandikwa. Mwenyeji apone. Na mgeni naye apone, maana anayedhurika ndani ya nyumba hizi pengine ni mgeni mwenyewe, aliyeingia na mtu ambaye hakuna aliyemwandika. Januari 2024, baada ya wanawake kuuawa katika nyumba za malazi ya muda jijini Nairobi, Serikali iliwataka wenye nyumba hizi wajisajili na Mamlaka ya Kudhibiti Utalii. Wengine walilalamika kwamba ni sheria ya kuzushwa. Si hivyo. Sheria ya Utalii ni ya 2011, na nyumba za kukodishwa kwa wageni zimo ndani yake. Likitokea la kutokea, polisi watauliza kwanza: nani aliingia humu, na saa ngapi? Swali hilo hujibiwa na daftari la langoni, au halijibiwi.

Tuanze na mitandao, tumalizane nayo upesi. Airbnb humhakiki aliyeweka nafasi. Wenzake watatu anaokuja nao hawahakikiwi. Wewe mwenyeji hata kitambulisho alichowapa kampuni huonyeshwi. Unaambiwa tu kwamba kimekaguliwa. Kwa hiyo ile alama maana yake ni kwamba mwenye akaunti anajulikana na kampuni, haisemi kwamba ndiye anayebisha lango lako. Ukitaka kuona vitambulisho, andika hivyo kwenye kanuni za nyumba kabla mgeni hajaweka nafasi. Mstari mmoja unatosha, kwa Kiswahili na Kiingereza: kila mtu mzima atakayelala ataonyesha kitambulisho halisi langoni. Ukilizusha jambo hilo mgeni akiwa ameshafika na mabegi yake, mwenye makosa ni wewe.

Wageni wa dalali, wa WhatsApp na wa Facebook, hao hawajakaguliwa na mtu yeyote. Kazi yote ni yako. Na mgeni wa mtandao akikunong'oneza, "Tughairi kule nikulipe mkononi, tuepuke ada," jua unachokiuza. Pamoja na ada unatupa rekodi ya nani aliweka nafasi, na unatupa fidia ya uharibifu ya AirCover, ambayo kikomo chake ni dola milioni 3 na hudaiwa ndani ya siku 14 tangu mgeni atoke. Kwa shilingi mia kadhaa za ada, hiyo si biashara.

Kanuni ninayotaka mwende nayo nyumbani ni hii: majina matatu, uso mmoja. Jina lililoweka nafasi, jina lililolipa, jina lililo kwenye kitambulisho, na uso ulio mbele yako. Vinne hivi vikikutana, toa ufunguo. Kimoja kikienda kando, huenda si uhalifu, lakini unadaiwa maelezo, na maelezo yaje kabla ya ufunguo. Mfano wa kila siku: laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina la mama. Kenya imejaa laini za namna hiyo. Mwambie mgeni ampigie mama yake, aweke spika, mama ataje jina la mwanawe. Dakika moja imekwisha. Mwenye jambo lake la kweli hupiga. Mwenye jambo jingine huanza kukufokea kwamba amelipa pesa zake, na kufoka huko ni jibu tosha.

Kwenye pesa, jina la mlipaji kulipata ni rahisi. Fungua M-Pesa, anza kumtumia mgeni shilingi 10, jina la mwenye laini litatokea kabla hujakamilisha, kisha ghairi. Fanya hivyo siku anapoweka nafasi, usingoje afike. Amana yake iombe itoke kwenye laini hiyohiyo.

Halafu kuna ule ujumbe wa uongo. Mgeni anasema ametuma, na kweli simu yako imelia, ujumbe una herufi kubwa, una salio, una kila kitu. Tazama juu: ujumbe wa kweli unatoka kwa MPESA, si kwa namba ya mtu. Hata hivyo usiamini ujumbe, angalia salio lako mwenyewe kwa *334#. Keateka asiyeshika simu ya malipo asikubali kuonyeshwa skrini ya mgeni. Ampigie mwenye nyumba. Na kuna la tatu ambalo wengi hawalijui mpaka liwakute: mgeni analipa kweli, anapewa ufunguo, kisha anaupeleka ule ujumbe wa malipo kwa 456, namba ya Safaricom, akidai alikosea namba, ili pesa zirudishwe. Ndiyo maana unahitaji, kwenye WhatsApp, maneno yake mwenyewe kabla ya malipo: nimekubali nyumba fulani, tarehe hizi, kiasi hiki. Safaricom wakikupigia kuuliza, una cha kuwaonyesha.

Sasa tuko langoni, na hapa nitakaa.

Kwanza mwanga. Lango liwe na taa juu ya kichwa cha mgeni, ili keateka asimulike mtu tochi machoni. Tochi ya machoni humkasirisha mgeni mwema, na uso uliokunjwa haulingani na picha yoyote. Mgeni avue kofia na miwani. Kitambulisho kiwe mkononi mwa keateka, halisi. Picha ya kitambulisho kwenye simu si kitambulisho, hata iwe safi namna gani. Picha inaweza kuwa ya mtu yeyote, imetumwa na mtu yeyote.

Ukilinganisha uso, usitazame nywele, ndevu wala unene. Hivyo hubadilika kwa mwezi mmoja. Tazama masikio, nafasi kati ya pua na mdomo, na mahali nywele zinapoanzia kwenye paji. Kisha pitisha ukucha pembeni mwa picha. Kama plastiki imeinuka au kuna ukingo unaokwaruza, picha hiyo imeguswa.

Kitambulisho cha Kenya cha zamani hakina tarehe ya kwisha. Hiki kipya cha Maisha kina chipu na tarehe ya kwisha, miaka 10. Ulaghai unaotutesa zaidi si wa vitambulisho bandia. Ni wa vitambulisho vya kweli vilivyopotea, vinavyotembea mikononi mwa watu wengine. Kwa hivyo uliza. Kitambulisho kikiwa mkononi mwako, usikisome kwa sauti; mwache mgeni aseme majina yake yote matatu, kwa mpangilio ulioandikwa. Muulize tarehe kamili ya kuzaliwa. Kisha geuza cha zamani upande wa nyuma, penye wilaya, tarafa na lokesheni, umuulize lokesheni yake. Anayetumia kitambulisho cha mwenzake huwa amekariri jina na mwaka. Upande wa nyuma hakuusoma. Mwisho atie sahihi kwenye daftari, uilinganishe na ile iliyo kwenye kadi.

Mgeni wa kigeni akupe pasipoti, kwenye ukurasa wa picha. Chini ya ukurasa huo kuna mistari miwili ya herufi, tarakimu na vialama kama hivi, <, kila mstari una nafasi 44. Watu wengi huiona kama urembo. Ndiyo sehemu inayomshinda mghushi mvivu, kwa sababu ina hesabu ndani yake. Mstari wa pili unaanza na namba ya pasipoti, nafasi 9, ikifuatwa na tarakimu moja ya ukaguzi. Kisha herufi 3 za uraia. Kisha tarehe ya kuzaliwa kwa mtindo wa mwaka, mwezi, siku, nayo ikifuatwa na tarakimu yake ya ukaguzi. Kisha jinsia, kisha tarehe ya kwisha na tarakimu yake.

Hesabu yenyewe mtoto wa darasa la tano anaiweza. Chukua aliyezaliwa tarehe 12 Aprili 1985. Pasipoti itaandika 850412. Zidisha tarakimu hizo kwa 7, 3, 1, kisha tena 7, 3, 1. Nane mara saba ni 56, tano mara tatu ni 15, sufuri mara moja ni 0, nne mara saba ni 28, moja mara tatu ni 3, mbili mara moja ni 2. Jumla 104. Gawanya kwa 10, kinachobaki ni 4. Basi tarakimu inayofuata 850412 lazima iwe 4. Ikiwa ni nyingine, kuna mtu amebadilisha tarehe akasahau hesabu. Kwenye namba ya pasipoti herufi nazo huhesabiwa: A ni 10, B ni 11, mpaka Z ambayo ni 35, na kile kialama < ni sufuri. Sikuambieni mkokotoe kila usiku. Programu za simu za kusoma mistari hiyo zipo. Lakini keateka akijua tu kwamba tarehe ya juu ya ukurasa na ile ya mistari ya chini ni lazima zilingane, amewashinda wengi.

Jambo dogo kuhusu uraia, kwa vile huku kwetu Wajerumani ni wengi. Herufi za Kenya ni KEN, Tanzania TZA, Italia ITA, Uingereza GBR. Mjerumani ataandikwa D peke yake, na vile vialama viwili vikajaza nafasi. Asije mtu akamfukuza mzee wa watu kwa kudhani pasipoti yake ina kasoro.

Mgeni wa ng'ambo kwa kawaida pia ana kibali cha kusafiri cha kielektroniki, kile kilichochukua nafasi ya viza tangu Januari 2024. Jina na namba ya pasipoti vilivyo kwenye kibali vilingane na pasipoti. Wenzetu wa Uganda na Rwanda huvuka kwa vitambulisho vya taifa lao tangu 2014, kwa hivyo Mganda asiye na pasipoti si mtu wa kushukiwa. Anayetoka Nairobi kwa gari moshi la Madaraka ana tiketi aliyoonyesha pamoja na kitambulisho. Ukiwa na shaka, omba uione na hiyo.

Kuna mgeni atakayesema kitambulisho kimepotea, akakuonyesha hati ya polisi ya kupotelewa. Hati ile haina picha. Iambatane na kitu chenye picha, kama leseni ya kuendesha gari au pasipoti. Bila hicho, mrudishie pesa zake na umwonyeshe hoteli. Ndiyo, utapoteza usiku mmoja.

Na dada zetu wanaovaa nikabu. Hapa Mombasa jambo hili lapasa kusemwa waziwazi, kwa sababu limeleta aibu isiyo na sababu. Mwanamume haombi mwanamke afunue uso langoni. Nyumba iwe na mwanamke wa kuitwa, mama wa usafi au jirani anayeaminika, amchukue mgeni ndani ya kibanda au ukumbini, aone uso na kadi, atoke aandike "nimeona" na jina lake. Ukimwomba kwa adabu namna hiyo, mgeni hukubali. Na usimsamehe mtu kwa sababu ya vazi, kama vile usivyomsamehe mwenye suti. Kanuni ni moja kwa mpwani na mbara, kwa Msomali na Mwitaliano. Ukianza kuchagua nani akaguliwe kwa sura, umemdhalilisha mmoja na kumpitisha mwingine aliyevaa vizuri.

Wenzi wawili je? Cheti cha ndoa si kazi yako. Vitambulisho viwili ndiyo kazi yako. Kosa kubwa kuliko yote tunayoyafanya ni kumwandika mwanamume aliyelipa na kumwacha mwanamke apite kama mzigo wake. Huyo asiyeandikwa ndiye ambaye ndugu zake watakuja kumtafuta. Au ndiye atakayeondoka alfajiri na simu, pochi na kompyuta za mgeni aliyewekewa mchele, yaani dawa ya kumlewesha, kwenye kinywaji. Andika wote.

Mgeni wa mgeni naye anaandikwa: jina, namba, saa ya kuingia na ya kutoka. Kitambulisho umrudishie papo hapo. Mtindo wa askari kushikilia vitambulisho kwenye droo siupendi. Kadi hupotea, na mgeni anayetaka kukimbia hatarudi kwa ajili ya kadi.

Kuhusu watoto sitapunguza makali. Mtu mzima akija na mtoto, uliza uhusiano, omba cheti cha kuzaliwa au pasipoti ya mtoto, na umsemeshe mtoto mwenyewe: unaitwa nani, umekuja na nani. Pwani yetu tunajua inasumbuliwa na nini. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, kifungu cha 15, inamhusu hata anayemruhusu mtoto, kwa kujua, akae katika nyumba kwa ajili ya kudhulumiwa kingono, na kifungo chake hakipungui miaka 10. Ukishuku, usimkabili mtu. Piga 116, laini ya watoto, haina malipo, na upige polisi.

Daftari. Hapa nitawachekesha kidogo, lakini ni kweli. Kamera ya langoni inasema 21:04. Daftari la keateka linasema saa 3. Mwenye nyumba wa Nairobi anasoma daftari anaelewa saa tatu ya Kizungu, usiku wa manane au alasiri. Wote wana haki, na mahakamani wote wanaonekana waongo. Andikeni kwa tarakimu za saa 24 kama simu inavyoonyesha, bila kutafsiri. Na saa ya kamera irekebishwe kila mwezi, kwa kuwa umeme ukikatika baadhi ya kamera hurudi kwenye tarehe ya kiwandani. Picha yenye tarehe ya 2000 haitakusaidia kitu. Weka betri ya akiba kwenye ruta na kinasa, hata ile ndogo ya volti 12. Na ukipeleka video mahakamani, Sheria ya Ushahidi kifungu cha 106B inataka cheti kutoka kwa anayesimamia mtambo huo, kwa hiyo ijulikane mapema ni nani.

Kamera ziwe nje tu. Airbnb ilipiga marufuku kamera za ndani tangu 30 Aprili 2024, hata zilizozimwa, na za nje lazima zitajwe kwenye tangazo. Hata kwa wageni wasio wa mtandao, kamera sebuleni ni kujitafutia kesi.

Kwenye daftari weka: majina, aina ya kitambulisho na namba, uraia, simu, idadi ya wakubwa na watoto, namba ya gari, saa ya kuingia, saa ya kutoka, na nani aliyepokea. Dini, kabila, kazi, havikuhusu.

Na nakala za vitambulisho? Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote. Keateka anapiga picha kitambulisho kwa simu yake, anaituma kwenye kundi la WhatsApp lenye mama wa usafi, fundi wa mfereji na dalali wawili, na picha inabaki humo mpaka Kiyama. Kitambulisho cha mtu pamoja na picha ya uso wake ni vifaa vya kutosha kumsumbua kwa mikopo na laini za simu. Sheria ya Ulinzi wa Data ni ya 2019. Septemba 2023 Kamishna wa Data alikitoza kilabu kimoja cha Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini. Picha ya starehe tu hiyo, haikuwa kitambulisho. Biashara ndogo zina msamaha wa kujisajili kwa Kamishna, lakini sekta ya ukarimu imo katika orodha ya wasiohusika na msamaha huo. Jisajili. Kwa biashara ndogo ada ni shilingi 4,000 na cheti hudumu miezi 24.

Kama ni lazima kuchukua nakala, iwe kwa simu moja ya kazi yenye nywila, isiyohifadhi picha kwenye akaunti ya mtu binafsi. Kwenye picha yenyewe andika kwa mshazari: malazi tu, tarehe, nyumba. Hivyo hata ikivuja haitumiki kwingine kwa urahisi. Mimi ningeifuta baada ya siku 90 kama hapakuwa na tukio. Risiti na hesabu ni jambo jingine. Hizo za ushuru huwekwa miaka 5. Data ikivuja, una saa 72 za kumwarifu Kamishna.

Kuna utapeli mmoja unaostahili kutajwa peke yake kwa sababu hauhusu wizi wa televisheni. Mtu anakodi nyumba yako usiku mbili, analipa vizuri, kitambulisho ni chake. Mchana anawaleta watu watano, mmoja baada ya mwingine, akiwaonyesha nyumba kama ya kupangisha kwa mwezi. Kila mmoja anamlipa kodi na amana. Jumatatu malori matano yanafika langoni, na wanaokasirikiwa ni wewe na askari. Dawa yake ni karatasi. Bandika nyuma ya mlango na langoni: nyumba hii ni ya malazi ya muda, haipangishwi kwa mwezi, usimlipe mtu amana humu, na chini yake namba ya ofisi. Keateka akiona wageni wa nusu saa nusu saa wakikagua makabati na kuuliza habari za maji, akupigie.

Funguo. Ufunguo wa kawaida hukatwa nakala kwa dakika chache barabarani, hivyo ufunguo uliokwenda na mgeni uhesabiwe umezaliana. Mlango wenye silinda ya kuchomoa ni rafiki yako: skrubu moja ubavuni mwa mlango, ingiza ufunguo uugeuze kidogo, silinda inatoka. Kuwa na silinda tatu uzizungushe kati ya milango, hasa ufunguo ukipotea au mgeni akiondoka kwa ugomvi. Kitasa cha namba kinafaa ukibadilisha namba kila mgeni, lakini chumvi ya bahari hula vituo vya betri. Karibu na ufuo fungua kifuniko kila mwezi uvifute. Kwenye tundu la ufunguo usitie mafuta ya kupikia wala ya cherehani, hukusanya vumbi na chumvi yakaganda. Tumia unga wa grafaiti.

Sasa wewe mwenyeji na mwili wako. Mapokezi ya usiku yafanywe na watu wawili, hata wa pili akiwa amekaa tu kibandani anaonekana. Ukiwa peke yako, washa WhatsApp ya kuonyesha ulipo kwa mwenzako. Ina chaguo la dakika 15, saa 1 na saa 8, chagua saa 1. Kubalianeni neno: ukimpigia ukasema "nimesahau mita ya stima," ajue apige 999 au 112. Ukimwonyesha mgeni nyumba, atangulie yeye kuingia vyumbani, wewe ubaki upande wa mlango, na mlango wa nje usifungwe. Usinywe kitu alichokifungua yeye. Mama anayekodisha chumba ndani ya nyumba anayoishi, chumba chako kiwe na komeo la ndani, na simu ilale na chaji.

Saa ya kutoka ikipita na mgeni haonekani, piga simu, bisha, piga tena, kisha ita mtu wa pili kabla ya kufungua. Ukifungua ukaona damu, au mtu asiyejibu, au umesikia harufu isiyo ya kawaida, rudi nyuma kwa hatua zilezile ulizoingilia. Usiguse, usifute, usizime taa. Kama kuna dalili ya uhai, ita msaada wa ambulensi kwanza. Kisha polisi, kisha andika saa. Mama wa usafi asikaribie. Taarifa ikiandikwa kituoni, usiondoke bila namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, kwa maana bila hiyo hata bima hawakusikilizi. Wanaoogopa kituo cha karibu kwa sababu zao wana laini ya DCI, idara ya upelelezi wa jinai, isiyo na malipo, 0800 722 203.

Keateka, mna haki ya kumkataa mgeni. Wenye nyumba, hili mliandike na mtie sahihi mbele yao leo: keateka akimkataa mtu kwa sababu majina hayakulingana, hatakatwa mshahara kwa usiku uliopotea. Bila karatasi hiyo, yote niliyoyasema yataanguka mara ya kwanza mgeni atakapotoa noti ya elfu moja kupitia dirisha la gari.

Fomu za daftari ziko mezani pale mlangoni, na hizo karatasi za kubandika pia. Chukueni moja kwa kila mlango, si kwa kila mwenye nyumba. Haya, maswali, tuanze na yule kijana wa mstari wa pili aliyeshika mkono juu tangu tulipokuwa kwenye pasipoti.